Injini Gani kwa Vitz?

Anayeendesha gari la usukani wa kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia anaijua tabu ya kulipita lori. Magari mengi madogo ya Lubumbashi yametoka Japani. Yameshushwa bandarini Dar es Salaam, yakavuka Zambia na kuingilia Kasumbalesa, dereva akiwa amekaa upande wa mtaro. Ukiwa nyuma ya lori la madini kwenye barabara ya Likasi, huoni mbele mpaka ulitoe gari karibu lote nje ya mstari. Abiria wa kushoto ndiye anayechungulia na kusema pita au rudi. Akisema pita, gari linatakiwa lichomoke papo hapo, litoke kilomita 50 kwa saa lifike 90 kabla lori jingine halijatokea mbele. Vitz ya lita moja yenye watu wanne na mizigo nyuma haichomoki. Inapiga kelele nyingi, mwendo unabaki ule ule, na abiria anaanza kusali.

Nimeanza na lori kwa sababu fundi ninayetaka kumwelezea huanzia hapo naye. Gereji yake ni kiwanja chenye mwembe, kontena moja na banda la mabati, kando ya barabara ya Kasapa, njia iendayo kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kwenye gereza. Wateja wake ni wanafunzi, walimu wa chuo, na vijana wa migodini wanaorudi mjini mwisho wa wiki wakiwa na hela na hamu ya kuzitumia. Vijana hawa hufika wakiwa na jina la injini tayari mdomoni. Yeye huwauliza kwanza, "Na hii motoka, unaendaka wapi?" Ukijibu kwamba hutoki mjini, atakwambia ufunge plagi mpya, usafishe njia ya hewa, ubaki na injini yako. Nimemwona akikataa kazi kwa namna hiyo, huku vijana wake wa gereji wakitazama chini, maana siku hiyo hapakuwa na kazi nyingine.

Kijana wa Vitz alikuwa na jibu. Anasoma Politekniki, na wazazi wake wako Kolwezi, kilomita kama 300 kwa barabara hiyo hiyo ya Likasi. Gari lake ni la mwaka 2001, lile lenye uso wa mviringo. Alikuwa amekwisha kulishusha springi, kulifungia rimu pana na kulibadilishia bomba la moshi. Chini ya boneti bado mlikuwa na 1SZ-FE, injini ya sentimita za ujazo 997 na nguvu farasi 70. Gari lilikuwa na sauti ya simba na mbio za mbuzi.

Alichokitaka ni 2ZZ-GE. Simlaumu. Ni injini ya sentimita za ujazo 1796 ambayo Toyota waliitengeneza pamoja na Yamaha, na ndani ya Celica ilitoa nguvu farasi 190. Ikipita mizunguko 6,000 kwa dakika, kamshafti hubadilisha namna ya kuzisukuma valvu, na mlio wake hugeuka kwa ghafla ambayo kijana akiisikia mara moja hailali tena kichwani mwake. Fundi hakucheka. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akaanza kumuuliza. Petroli utanunua wapi? Injini ile hugandamiza hewa mara 11.5, nayo imezoeshwa petroli ya daraja la juu. Petroli ya Kadhafi, yaani muuzaji wa barabarani, iliyolala ndani ya bidoni, itaifanya igonge. Nguvu zake ziko wapi? Ziko juu kabisa, kwenye mizunguko ambayo mtu aliyekwama nyuma ya lori kwa giya ya tatu hanayo. Silinda zikichunika je? Kuta zake ni za alumini iliyochanganywa na nyuzi ngumu, hazikubali kusuguliwa upya kama chuma cha kawaida. Na viti vya injini vitachomelewa, ekseli zitaungwaungwa.

"Iko na nguvu, mutoto yangu, ile ni kweli," akamwambia. "Lakini ikifwa njiani, kule Fungurume, pyesi utatosha wapi?"

"Papa, na turbo ya Starlet?"

Hapo fundi alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kwa heshima. Injini ya Starlet za turbo, 4E-FTE, ni ndogo, 1331 tu, lakini ndani ya Glanza V ilitoa nguvu farasi 135. Tena mji huu unaupa turbo hoja ambayo Dar es Salaam haina. Lubumbashi imekaa mita kama 1,200 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 13. Injini inayovuta pumzi yenyewe hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Zile farasi 70 za 1SZ zilizoandikwa Japani zilikuwa zimebaki kama 60 siku gari lilipopanda huku, kabla hujahesabu uzee. Turbo huilazimisha hewa kuingia, kwa hiyo mwinuko hauiumizi sana. Kijana aliyesoma fizikia aliyajua haya. Fundi aliyajua kwa njia nyingine, kwa magari aliyoyaona yakilegea baada ya kuletwa kutoka pwani. Walikubaliana kabisa.

Kisha akaeleza kwa nini bado anasema hapana. Glanza za mwisho zilitoka 1999. Turbo yoyote utakayoipata leo imeshapita mikononi mwa watu wengi, na karibu kila mmoja wao aliwahi kuiongezea presha. Inadai oili safi, inadai petroli nzuri, na joto lake litakaa ndani ya boneti ambayo haikupangwa kwa ajili yake. Ukoo wake na ukoo wa Vitz hauhusiani popote, si kwenye viti, si kwenye nyaya. Kwa mtu wa kucheza nayo Jumapili, sawa. Kwa mtu wa Kolwezi, siyo.

1ZZ, injini nyingine ya Toyota, ya sentimita za ujazo 1794, haikuchukua muda kukataliwa. Pistoni za matoleo yake ya kwanza zina matundu machache mno ya kurudishia oili chini, pete hugandamana na masizi, na injini huanza kuinywa oili. Fundi amezifungua za kutosha.

Ikabaki 1NZ-FE. Jibu hili halina mvuto wowote, na ndiyo sababu nimeona vyema kuliandikia. Ni injini ya sentimita za ujazo 1496 iliyomo ndani ya Ist, ndani ya Probox, Platz, Funcargo, Raum na Corolla za NZE121. Yaani iko kila kona ya mji, ikibeba mihogo, walimu na maiti. Nguvu zake ni farasi kama 109, ambazo huku juu ni kama 95. Lakini tundu la silinda ni milimita 75 na mwendo wa pistoni ni 84.7, mwendo mrefu kuliko upana, na injini za umbo hilo husukuma mapema. Torki yake ni kama Nm 140, wakati 1SZ ilikuwa na 95, na inafika bila kulazimisha mizunguko ya juu. Hiyo ndiyo hesabu ya kulipita lori. Zaidi ya yote, Toyota wenyewe waliifunga ndani ya Vitz, toleo la RS. Kwa hiyo mahali pa kuikalisha pameshafikiriwa na watu wenye vipimo na mishahara. Viti vyake vipo, ekseli zake zipo, bomba lake lipo, vyote vimetoka kiwandani. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea ambaye anachagua injini isiyohitaji kuchomelewa amenishangaza kuliko yule anayeunda viti kwa vyuma chakavu na kujisifu.

Mtu huyu kuunda anaweza. Alijifunzia uchongaji wa vyuma katika karakana za Gécamines, shirika la madini lililorithi mali ya Union Minière na shule yake ya kazi pia, na akaondoka mwaka 2003 pamoja na wenzake zaidi ya 10,000 kwa mpango ule ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baadhi ya watu hao ndio walioijaza Lubumbashi mafundi ambao bado wanashika maikromita kabla ya kushika nyundo. Kwa moyo wake anapenda bloku za chuma. Injini kama 4A ya Corolla za zamani, silinda zikilika, huzipeleka kwenye mashine, zikapanuliwa kidogo, zikapewa pistoni za saizi inayofuata, na gari likaanza maisha mengine. 1NZ haina ukarimu huo. Bloku yake ni ya alumini, na vikombe vya chuma vilivyomo ni vyembamba. Ikichoka sana unatupa unatafuta nyingine. Anasema hivyo kwa uchungu wa mtu ambaye kazi yake imepunguzwa. Lakini anajua pia kwamba "nyingine" ipo, imelala kwenye kontena la mfanyabiashara wa mjini, imekuja kutoka Japani au kupitia Sharjah.

Kwenye kontena hilo ndiko ufundi wake unakoonekana vizuri zaidi, ingawa hafungui kitu kikubwa. Injini zimepangwa juu ya matairi, zimepigwa dizeli ili zing'ae. Muuzaji huwaonyesha wateja ule mng'ao. Fundi hauangalii. Anafungua kifuniko cha oili na kukigeuza. Utando mweupe kama maziwa maana yake maji yalifika mahali pa oili. Anamulika tochi ndani ya tundu: kamshafti ikiwa na rangi ya asali, sawa; ikiwa na lami nyeusi iliyoganda, anahamia kwa jirani yake. Anapitisha ukucha juu ya vichwa vya bolti za kifuniko cha valvu. Bolti ya kiwandani ina pembe kali. Iliyokwisha kufunguliwa na spana mbovu ina pembe laini, na hapo anataka kujua nani alifungua na alitafuta nini. Anatoa plagi nne na kuzilaza chini kwa mpangilio wa silinda zake, asizichanganye, kwa sababu plagi moja yenye oili haisemi kitu mpaka ujue ilitoka wapi.

Kisha anaomba betri. Anaikalisha injini vizuri, anaunganisha stata, anaingiza geji ya kupima mgandamizo kwenye tundu la plagi, na kijana wake anagusa waya. Injini inazunguka chini pale, juu ya matairi, kuf kuf kuf, na sindano inapanda kwa hatua. Silinda nne, namba nne, anaziandika kwa chaki juu ya ukuta wa kontena. Kitabu cha Toyota kina namba yake, lakini iliandikwa kwa hewa nzito ya chini. Huku juu injini nzima kabisa itasoma pungufu. Kwa hiyo anazilinganisha zenyewe kwa zenyewe, na hataki tofauti ivuke bar moja. Injini ya kwanza ilikuwa na silinda moja iliyolegea. Alitia oili kidogo, kiasi cha kijiko, kwenye tundu hilo, akapima tena. Sindano ilipanda. Hapo akajua ugonjwa uko kwenye pete. Kama isingepanda, angetafuta kwenye valvu. Muuzaji alitaka kupunguza bei. Fundi alimshukuru, akasogea kwenye ya pili.

Ya pili ilikuwa nzuri kupita kiasi, safi, na bei yake ndogo. Ndiyo aliyoitilia shaka. Aliizunguka mara mbili akitafuta stata, akatafuta mahali oltaneta ingefungwa. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa 1NZ-FXE, ya Prius, ambayo huwashwa na mota za umeme za gari lenyewe na haijui stata ni nini. Kwa mbali ni pacha wa ile nyingine. Ndani, valvu za kuingizia hewa hufungwa kwa kuchelewa makusudi ili ibane mafuta, na nguvu inayokosekana huazimwa kwenye betri kubwa. Ukiifunga ndani ya Vitz isiyo na betri hiyo utakuwa umenunua injini ya lita moja na nusu yenye pumzi ya mgonjwa. Muuzaji alisema hakujua. Huenda ni kweli. Injini mia kwenye kontena hazina cheti cha kuzaliwa.

Waliyoichukua ilikuwa na vumbi, na namba zake nne zilikaribiana. Ilikuwa na giaboksi yake. Ilikuwa ya zamani kidogo, ya waya wa akselereta. 1NZ za baadaye huamrishwa kwa umeme kutoka kwenye pedali, na pedali ya Vitz hii ni ya waya. Na nyaya zake zilikuwa hazijakatwa. Hili la nyaya alilishikilia kuliko yote. Wanaozing'oa injini kwa haraka hukata furushi la nyaya kwa koleo, kisha mnunuzi anakabidhiwa mkia wa rangi thelathini unaoning'inia. Fundi hanunui mkia. Anataka furushi zima na kompyuta yake, kalkilatere kama wanavyoiita gerejini, vitoke gari moja. Umeme ni kazi ya mtu mwingine, kijana mmoja aliyetulia ambaye huja na taa ya kupimia, na fundi anamheshimu kiasi cha kuzima redio akiwa kazini.

Kuiweka ndani hakuna mengi ya kusimulia kwa aliyewahi kuona. Nguzo tatu za bomba, winchi ya mnyororo, watu wawili wa kuelekeza na mmoja wa kukaa kimya. Jambo dogo moja nilipenda. Silambloki, vile vipande vya mpira ambavyo injini huvikalia, alizifunga kwa mkono tu. Bolti zote zilikuwa zimeingia, hakuna hata moja iliyokazwa. Akaitikisa injini kwa mabega, akaiacha ijitafutie mahali, baadaye akaiwasha kidogo, akaizima, ndipo akazikaza moja baada ya nyingine. Zikikazwa mapema mpira hubaki umejinyonga, na gari litatetemesha kioo maisha yake yote huku mwenyewe akilaumu injini.

Kijana alidhani wamemaliza. Fundi alikuwa bado na mambo ya maji. Alitaka radieta ya gari la lita moja na nusu, na kifuniko kipya cha radieta, cha kweli. Kijana aliona kifuniko ni kitu cha kuokoteza. Lakini katika mwinuko huu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na feni ya gari huanza kuzunguka karibu na hapo hapo. Kinachoyazuia maji yasichemke ni presha inayoshikwa na kile kifuniko. Kikiwa kizima, maji huvuka nyuzi 115 bila kuchemka. Mpira wake ukipasuka, injini ya alumini inaweza kupinda kichwa mlimani huku sindano ikionyesha joto ambalo dereva wa pwani angeliona la kawaida.

Na thamostati ikarudishwa. Gereji nyingi huitoa na kuitupa, zikiamini zimeipa injini ubaridi. Mwezi wa saba, asubuhi ya Lubumbashi, injini isiyo na thamostati inaweza kutembea kutoka Kasapa mpaka katikati ya mji bila kupata moto, na kompyuta, ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kuimwagia petroli. Halafu mwenye gari anasema 1NZ inakunywa.

Breki zilikuja mwisho kwenye orodha na mwanzo kwenye bei. Fundi alisema wazi kwamba gari halitoki kiwanjani na breki za lita moja. Kijana akalalamika kwamba hela imeisha. Gari likakaa chini ya mwembe, boneti imefungwa, likisubiri, na vumbi jekundu likalifunika. Nadhani hapo ndipo mafundi wengi wangelegea, kwa kuwa injini inawaka, mteja anaomba, na sifa ya kazi iko tayari. Kijana alirudi na hela ya breki kutoka Kolwezi. Alikuwa ameenda kwa basi.

Siku walipolijaribu, walipanda watu wanne kwa makusudi. Walitoka kupita kampasi, wakarudi, wakatoka tena. Fundi alikaa kushoto, mahali pa mchunguliaji, dirisha limefunguliwa, hasikilizi injini bali ekseli, kwa sababu ekseli isiyokaa sawa hulia gari likikata kona huku limekanyagwa. Haikulia. Kijana alitabasamu, ingawa nilimwona akipita mizunguko 6,000 na kungoja kitu ambacho 1NZ haina.

Siku ile ile 1SZ ya zamani ilipata mwenyewe, mama mmoja anayeuza nguo sokoni, ambaye Vitz yake iliua injini kwa kukosa oili. Haendi Kolwezi. Anatoka nyumbani, anafika sokoni, anarudi. Fundi alimwambia kwamba mnyororo una kelele kidogo asubuhi, akapunguza bei kwa sababu ya kelele hiyo kabla mama hajaomba, akamfundisha kijana wake mmoja jinsi ya kumwonyesha kijiti cha oili. Mama akauliza kama haingekuwa bora achukue kubwa, kama ile ya yule mwanafunzi.

"Hapana, mama," akamjibu. "Yako njo hii."